Lambo la Wasiokua

Jioni tuliyofika Itobolanda, mama mmoja alitundika taa kwenye boriti ya upenu wake, akaiwasha, na hakuna mdudu hata mmoja aliyeijia.

Niliitazama ile taa mpaka ugali ukapoa. Nimeitembea nchi hii tangu meno yangu yakiwa yote, nimelala Urambo, nimelala Mpanda, nimelala porini kusiko na jina, na sijapata kuona taa inawaka peke yake mwishoni mwa kiangazi. Mahali pengine popote ungekuwa unaokota nondo kwenye mboga. Hapa mwanga ulikaa hewani tu, mtupu, kama chumba kilichohamwa.

"Kula, guku," yule mama akaniambia. Guku ni babu kwa lugha ya huko. Jina la mama yule ni Milembe. "Unaangalia nini?"

"Naangalia wageni wasiofika."

Akacheka. "Hao hatujawaona siku nyingi. Huyu wangu hawajui kabisa."

Akamwonyesha kwa kidevu binti yake, Wande, ambaye alikuwa amelala chali mkekani, nje, miguu wazi, mikono wazi, mdomo wazi. Hana shuka, hana chandarua. Kote nilikopita mwaka ule hakuna mzazi aliyethubutu kumlaza mtoto hivyo. Dawa za homa zilikuwa zimeacha kufanya kazi, moja baada ya nyingine, na watu walikuwa wanawaingiza watoto ndani na kuziba matundu ya kuta kwa udongo jua likiwa bado juu ya miti. Huku wakiimba, ili watoto wasiogope giza. Nimepita vijiji vingi vya namna hiyo, nyimbo zinatoka ndani ya kuta na nje hakuna mtu.

Mwenzangu, Dokta Stumai, hakucheka. Nilikuwa nimemwongoza toka Tabora kwa miguu, kwa sababu gari lake la umeme wa jua lilizama kwenye mchanga na barabara yenyewe ilikwishasahaulika. Alinilipa niwe macho na miguu yake, wala hakunieleza mengi. Nilijua tu kwamba alipokuwa kijana alifanya kazi kituo cha utafiti, na kwamba kuna kitu alikiacha Itobolanda anataka kukiona kabla ya mvua.

"Mayu Milembe," akasema taratibu, mayu ikiwa ni mama kwa lugha ile, "ndago za kituo bado zipo lamboni?"

"Zipo?" Milembe akafuta mikono kwenye kanga. "Dokta, zile hazipo lamboni. Zile ndizo lambo."

*

Asubuhi tukaenda wote watatu.

Majani ndani ya maji ni mji, hilo kila anayechota maji porini analijua. Lambo lisilo na majani ni uwanja mtupu: samaki anaona kila kitu na anakula kila kitu. Weka majani, utaona konokono wanabandika mayai yao chini ya jani, viroboto-maji wanajificha mashinani mchana, watoto wa kereng'ende wanakaa mizizini wakivizia. Kila aina ya jani ina wenyeji wake. Ukibadilisha majani, umehamisha kabila zima na kuleta jingine.

Lambo la Itobolanda lilichimbwa zamani kwa mashine, la kunyweshea ng'ombe, pana kama kiwanja cha mpira. Ndago zililijaza toka ukingo hadi ukingo, kijani cha kupita kiasi, imebaki tu njia nyembamba ya kutekea maji. Hakuna chura aliyelia. Hakuna ndege aliyekatiza. Dokta akapiga magoti penye ile njia, nami nikainama nyuma yake.

Mwanzo nilidhani maji yana ngozi. Uso wake ulikuwa na vipele, na vile vipele vinahema. Macho yalipozoea nikaona kila kipele ni mkia. Viluwiluwi vya mbu, vimening'inia vichwa chini, vinavuta hewa kwa nyuma kama ilivyo desturi yao, vimebanana hata tone la maji halipati pa kupita. Kiluwiluwi cha mbu nakifahamu, ni kidogo kama uzi uliokatika. Hivi vilikuwa na urefu wa kidole cha mtoto. Na unene wake.

Dokta akanyoosha mkono. Kivuli cha mkono kilipogusa maji, vikazama. Si vile vya pale tu. Lambo zima, toka miguuni mwetu hadi ng'ambo ya pili, vilizama kwa pamoja, na maji yakageuka rangi, yakawa meusi. Kisha, polepole, ngozi ikarudi.

"Vimekuwa hapo muda gani?" nikauliza.

"Vingine vina umri wa Wande," akasema dokta. Sauti yake haikuwa nzuri.

"Tazama mashina," Milembe akasema, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

Tukatazama. Watoto wa kereng'ende walikuwa wanapanda kutoka majini. Kila shina lilikuwa na wake, wanene kama mpini wa kisu, mgongo umevimba. Nimeshaona kereng'ende akizaliwa mara ya pili: anapanda, anashikilia jani, mgongo unapasuka, anatoka na mbawa zimekunjamana, anazianika juani. Hawa walipanda, wakashikilia, wakasubiri. Jua likawapiga. Hakuna mgongo uliopasuka. Basi wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kinyumenyume, kama watu waliofika ofisini asubuhi na mapema wakaambiwa njooni kesho. Miguu yao ilikwaruza mashina, na kwa kuwa walikuwa maelfu, lambo zima lilitoa mkwaruzo mmoja, mrefu, mkavu.

Nilirudi hatua mbili nyuma, na mimi ni mtu mzima.

"Kila asubuhi ni hivyo," Milembe akasema. "Wanapanda, wanangoja, wanashuka. Tumezoea."

Dokta Stumai akakaa chini kwenye tope bila kujali nguo, akaeleza. Kila mdudu, alisema, ana utomvu mwilini unaomwambia: wewe bado mtoto. Siku utomvu huo ukipungua, mdudu anavua ngozi anakuwa mkubwa, anaruka, anazaa. Ipo ndago ya porini inayotengeneza utomvu kama huo yenyewe, iwavuruge wadudu wanaoitafuna. Pale kituoni waliichukua ndago hiyo wakaipa nguvu, wakaifanya ivujishe utomvu majini. Kiluwiluwi kibaki kiluwiluwi. Kisiruke, kisiume mtu.

"Na iliweza," Milembe akasema. "Tangu mwaka ule hatujazika mtoto wa homa. Hata mmoja."

"Iliweza kupita kiasi. Mayu, tuliagiza ipandwe kona moja. Na kila kiangazi zing'olewe, libaki shada dogo tu. Kwa nini hamkuzipunguza?"

Milembe akamtazama kama aliyetukanwa na hajui kama ametukanwa kwa makusudi. Kisha akakunja kanga, akaingia majini hadi magotini. Viluwiluwi vikampisha, halafu vikamrudia vikamzunguka. Akashika shina lililokuwa karibu.

"Huyu ni Ng'washi," akasema. "Mwanangu wa kwanza. Yule pale ni mdogo wake, Mihangwa. Huyu mwembamba ni wa jirani yangu Limi, alikufa hata hajatambaa. Siku mlipoleta miche, dokta, ninyi mliondoka na gari lenu mkatuachia karatasi ya maelekezo. Sisi tulikuwa tumetoka makaburini wiki ile ile. Hakuna aliyetaka kupanda majani tu. Basi kila mama aliyefiwa akachukua mche mmoja, akaupa jina, akaupanda. Wa kwanza kuingia majini nilikuwa mimi." Akaliachia lile shina kwa upole. "Sasa niambie. Kiangazi kikifika, ulitaka tumpunguze nani?"

Mimi nikajifanya naangalia mawingu.

*

Kaka yake Milembe anaitwa Nkwabi, mrina asali, mtu wa utani na kikohozi cha moshi. Yeye ndiye aliyetupeleka porini, kwenye miti ya miombo, mchana ule.

"Dokta, umekuja umechelewa, lakini karibu," akasema huku akipanda mti. "Mimi dada yangu nimemwambia ng'oa, ng'oa, ng'oa. Ananiuliza kama naweza kuwang'oa wapwa zangu. Mtu ukishaulizwa hivyo utasema nini? Unarudi kwa nyuki wako."

Akaushusha mzinga kwa kamba, akaufungua. Hakuwasha hata moshi. Hakukuwa na haja.

Masega yalikuwa yamejaa watoto wa nyuki, weupe, wamekua hadi wametokeza nje ya vyumba vyao kama vidole vilivyovimba ndani ya pete. Hakuna aliyefunikwa nta, hakuna aliyegeuka. Juu yao walitembea nyuki wachache, mbawa zimechakaa, manyoya yamekwisha, wanalisha. Wanatoka mdomo huu wanaingia mdomo ule. Mmoja aliangukia kiganjani mwangu. Hakuniuma. Alitafuta tu mdomo wa kulisha kwenye mistari ya kiganja changu, akafa hapo hapo.

"Hao ni mabibi," Nkwabi akasema, na utani ulikuwa umemtoka. "Wanalea watoto wasiokua. Wakiisha hao, basi."

"Utomvu umefika huku," dokta akasema peke yake. "Unapanda na mvuke wa asubuhi."

"Siyo nyuki tu. Viwavi vya mahindi msimu uliopita vilikula, vikala, vikala. Kiwavi wa kawaida anakula halafu anachoka anajifunga anakuwa kipepeo, anakuacha na nusu ya shamba. Hawa hawakuchoka. Ghala zetu zina panya tu, na panya wenyewe wanafikiria kuhama."

Dokta akauliza lambo likijaa humwagika upande gani. Nkwabi akamwonyesha kwa panga: kwenye mbuga, na mbuga inaingia mtoni, na mto unakwenda mbali kuliko alivyokwenda yeye.

Sikuhitaji kuelezwa. Mbegu za ndago zilikuwa zimeiva, nyeusi, zinashika kwenye suruali. Mvua moja nzito, na kila lambo la nchi lingekuwa kama lile. Taa zote zinawaka peke yake. Mizinga yote. Mashamba yote.

*

Kesho yake watu walikusanyika darasani, maana ndilo jengo lenye paa zima. Dokta Stumai alisema yeye ndiye mmoja wa walioitengeneza ndago, na akasema lazima ing'olewe kabla ya mvua. Kukawa na minong'ono. Milembe alikaa mbele na Wande mapajani.

"Tukizing'oa," akauliza, "vile viluwiluwi vitakufa?"

"Vikubwa vitakufa vikijaribu kugeuka. Vimepitiliza."

"Na vidogo?"

"Vidogo vitageuka. Vyote kwa mpigo mmoja."

Kila mtu alikuwa ameliona lile lambo, kila mtu aliweza kuwaza.

"Watoto wetu hawajaugua homa tangu wazaliwe," Milembe akasema. "Miili yao haiijui. Vyandarua tulikwishavigeuza nyavu za kuku. Unatuambia tuwafungulie mbu wa miaka yote hiyo kwa siku moja."

"Basi ziachwe!" mama mmoja akasema toka nyuma.

"Ziachwe tule nini?" Nkwabi akamjibu. "Utawapikia hao watoto majina?"

Walizozana. Mtu akamwita Nkwabi mlafi wa asali, naye akamwambia yule mtu tumbo lake mwenyewe halijui njaa kwa sababu limeshazoea vya watu. Dokta aliwaacha wachoke, kisha akasema neno ambalo sikuwahi kulifikiria kwa umri wangu wote.

"Mbu anayetoka majini leo hana homa. Mbu hazaliwi nayo. Anaipata kwa kumnywa mtu aliyenayo, anakaa nayo siku kadhaa, ndipo anampa mwingine. Kama hapa kijijini hakuna mtu mwenye homa damuni, mbu watawauma, mtajikuna, mtalaani, na yataisha."

"Hapa hakuna mgonjwa," Milembe akasema upesi.

"Mgonjwa hakuna. Lakini homa hii ya sasa inaweza kulala ndani ya mtu mzima miaka mingi, isimuume. Anatembea nayo tu."

Akatoa kidude chake cha kupimia, kidogo kama kiberiti. Unachoma kidole, kinawaka kijani au chekundu. Akanianza mimi, nadhani ili watu waone hakiui. Kikawaka chekundu.

"Ningeshangaa isingekuwa hivyo," nikasema. "Nimeumwa na mbu wa kila wilaya."

Watu wakacheka kidogo, wakajipanga. Dokta mwenyewe, kijani. Watoto, kijani wote. Wande alitaka kuchomwa tena kwa sababu aliipenda taa. Wakubwa wengi, kijani. Nkwabi, anayepeleka asali mjini, chekundu. "Kumbe nimeoa bila mahari, mke amejileta mwenyewe damuni," akasema, lakini hakuna aliyecheka. Wengine wachache, hasa wazee, chekundu. Bibi yake Wande, kijani.

Milembe alikuwa wa mwisho. Alitoa kidole huku anaangalia kwingine, kama mtu anayejua jibu.

Chekundu.

"Rudia."

Akarudia. Chekundu.

"Tangu lini?" Milembe akauliza.

"Siwezi kujua, mayu. Yaweza kuwa tangu homa ile ile iliyowachukua wanao."

Milembe akakitazama kile kitone cha damu kwenye ncha ya kidole chake, muda mrefu. "Kumbe ilibaki," akasema. "Iliwamaliza wale, ikaja kulala kwangu."

Sikuipenda ile sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayezungumza na kitu kilicho ndani ya nyumba.

Jambo lilikuwa wazi sasa, wala halikuhitaji mtu kulitamka. Wenye damu iliyowasha chekundu lazima waondoke, mbali, kabla mbu hawajaruka. Kurudi ni mpaka homa itoke damuni yenyewe, na dokta hakuficha: inaweza kutoka mwakani, inaweza isitoke kamwe. Na hakuna mama ambaye angeng'oa shina lake kabla ya yule aliyeingia majini wa kwanza. Milembe akisema hapana, anabaki na mtoto wake, na lambo linabaki lilivyo, na mvua inakuja. Akisema ndiyo, anamwokoa Wande kwa kumwacha.

Hakuna aliyemsukuma. Walimtazama tu, na nadhani hilo lilikuwa zito zaidi.

"Wewe utabaki hapa," hatimaye akamwambia dokta.

"Nitabaki."

"Homa ikimpata mmoja wao, hutaandika ukiwa mbali. Utakuwa hapa, utamshika mkono."

"Nitamshika mkono, mayu."

*

Alfajiri ya kung'oa, mawingu yalikuwa yamekaa chini. Dokta alikuwa amewaambia watu wachomeke fito kavu ukingoni, ili watoto wa kereng'ende wapate pa kupandia mashina yakiisha, maana kereng'ende ndiye mwindaji mkubwa wa mbu na nao wangegeuka. Wale wasiopitiliza.

Milembe alikuwa amemchuchumalia Wande kwenye ukingo, anamfungia kanga hadi shingoni.

"Atakuja mdudu mdogo," alikuwa anamwambia. "Mwembamba, ana miguu mirefu. Atakuimbia sikioni."

"Wimbo gani?"

"Mwembamba kama yeye. Usiusikilize. Mpige."

"Nimpige mgeni?"

"Huyo mpige. Na mwingine, na mwingine. Bibi atakufundisha. Ukimwona amekaa kwenye mkono wa mtu yeyote, hata wa dokta, mpige."

Wande akalipenda hilo la kumpiga dokta, akacheka. Milembe akainuka bila kusema zaidi, akaingia majini.

Alisimama mbele ya lile shina. Akaita, "Ng'washi," si kwa nguvu, kama unavyomwita mtoto aliyesinzia. Akashika kwa mikono miwili akavuta. Halikuja. Akavuta tena, na nikaona kitu ambacho bado nakiona: mbali, ng'ambo ya lambo, ndago zikatikisika. Akavuta, na uwanja wote ukasogea. Mzizi ulikuwa mmoja. Miaka yote ile walikuwa wameshikana huko chini, wote, wa Milembe na wa Limi na wa kila nyumba, hakuna tena wa nani.

Milembe akageuka, uso umemkauka. "Siwezi peke yangu," akasema.

Ndipo wanawake wakaingia. Kila mmoja akaita jina lake, na majina yakachanganyika hewani hata hukujua linaitwa lipi, na wakavuta pamoja. Ule mkeka wa ndago ukainuka ukaja ukingoni mzima mzima, kama shuka linalotolewa juu ya mtu aliyelala. Unatiririka, unanuka tope na kitu kitamu kinachokaribia kuoza. Tuliufuata na panga na moto siku nzima. Na chini yake maji yalikuwa wazi, meusi, na ngozi yake ya mikia ikihema.

Haikuzama tena vivuli vilipoigusa.

*

Dokta alikuwa amehesabu siku kadhaa kabla maji hayajaisha utomvu. Lakini mvua ilikwishasahau kalenda siku nyingi. Ilianguka jioni ile ile, nzito, ikanyesha hadi asubuhi, ikayachanganya maji ya lambo na maji mapya, na utomvu ukazimuka kabla ya siku zake.

Tuliondoka mvua ikiwa bado inadondoka, sisi wa damu nyekundu, mimi nikiongoza kwa kuwa njia ndiyo kazi yangu. Milembe hakugeuka nyuma. Alikuwa amemuaga Wande akiwa usingizini, naye bibi akamlaumu, naye akasema bora hivyo. Tope lilitushika miguu, na miongoni mwetu walikuwamo wazee, kwa hiyo hadi jua linashuka tulikuwa tumefika tu kwenye kilima cha mawe, kijiji bado kinaonekana nyuma yetu, bati la shule likimetameta.

Nkwabi ndiye aliyeona. "Nani anachoma nyasi mbichi?"

Juu ya lambo ulisimama moshi. Wima, wa kijivu, hauyumbi. Ukapanda, ukapanda, kisha ukapinda kichwa bila upepo wowote, ukaanza kujimwaga pande zote. Na humo ndani ya moshi, juani, vilimetameta vitu vikubwa zaidi, vinakata huku na huku. Kereng'ende. Walikuwa wanakula. Lakini ule moshi haukupungua.

"Twendeni," nikasema. "Twendeni sasa."

Mbu walitufikia kabla hatujateremka upande wa pili. Sikuwa nimewahi kusikia sauti ile ikiwa nyingi hivyo. Haikuwa wimbo mwembamba tena, ilikuwa kama mtu anavuta pumzi na haimalizi. Wakatukaa. Na sote tukaelewa kwa wakati mmoja kilichomaanishwa na kila mbu aliyetua: huyu akishiba akarudi kijijini, amebeba homa.

"Msimwache hata mmoja!" Milembe akapiga kelele.

Tukapigana makofi. Nilimpiga Nkwabi mgongoni, Nkwabi akanipiga shingoni, wazee wakapigana mashavuni kama watoto. "Guku, hili la pili lilikuwa la mbu au la chuki?" Nkwabi akaniuliza, anahema, na tulicheka, Mungu anisamehe, tulicheka huku mikono yetu imejaa damu yetu wenyewe. Tulipiga mpaka viganja vikawaka moto. Taratibu wakapungua. Giza lilikuwa bado halijaingia. Mwanga ulikuwa wa manjano, unaonyesha kila kitu.

Ndipo nikamwona mmoja kwenye shingo ya Milembe, nyuma, chini ya kilemba. Tumbo lake lilikuwa limejaa, jekundu, linang'aa kama punje ya komamanga. Nikainua mkono. Akaruka.

Aliruka vibaya, mzito. Akazunguka mara moja mbele ya uso wa Milembe, naye akamwona. Kisha hewa ikamchukua, ikamrudisha njia tuliyotoka.

Milembe akamkimbilia.

Sijui nikueleze vipi. Mwanamke mtu mzima, kanga inamwanguka, anateremka kilima kuelekea kijijini akikimbiza mbu mmoja mwangani. Anapiga makofi hewani, anakosa, anajikwaa, anainuka. Nkwabi alimwita, hakusikia. Tulimwona akiwa mdogo, akiwa mdogo zaidi, hadi pale njia inapoanza kunyooka na bati la shule linakuwa mbele kabisa, karibu. Hapo akasimama, kama aliyegonga ukuta. Alikuwa anajua hatakiwi kwenda mbele ya hapo. Akabaki amesimama. Kisha akarusha mkono mara moja, akafunga ngumi.

Alirudi akipanda polepole. Alipotufikia uso wake ulikuwa umelowa, na mkono wa kulia ameubana kifuani.

"Nimemshika," akasema.

Nkwabi akaitazama ile ngumi. Nikageuza uso, nikaishika njia. Tulitembea mpaka kilima kikafunika kijiji, na Milembe alikuja katikati yetu na ngumi yake imefungwa. Hakuifungua, na hakuna aliyemwomba afungue.